Gurudumu la Mti



Wazee wa pwani walituachia mithali isemayo: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Waliitunga kwa ajili ya majahazi yao. Sisi wa milima ya Lubero tu mbali na bahari, wala hatuna majahazi. Lakini tuna chombo chetu wenyewe, nacho hakikuota porini. Mtu akisimama kando ya njia huko Luofu, au Kayna, au Kirumba, huiona chukudu ikiteremka na magunia yake ya viazi. Huuona mzigo, humwona kijana aliyesimama juu ya ubao na kushika usukani, huliona vumbi. Fundi haonekani. Yeye yuko nyumbani kwake, nyuma ya jiko, chini ya kibanda cha mabati mawili matatu, akichonga nyingine.

Juma hili twapenda kusema habari za fundi huyo na kazi yake. Maisha ya watu yamo mikononi mwake, na wengi hawalifikiri jambo hilo mpaka siku ile gurudumu lipasukapo.

Chombo cha nyumbani

Chukudu yajulikana katika Kivu ya Kaskazini yote, toka Goma hata Butembo. Ni ubao mzito, urefu wake karibu mita 2, wenye gurudumu mbele na gurudumu nyuma, na usukani wa mti mfano wa pembe za ng'ombe. Haina injini, haina pedali, haina mnyororo. Penye tambarare mwenyewe huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Penye mteremko husimama juu yake na kuiacha iende. Penye mlima hushuka na kuisukuma, mara nyingi kwa msaada wa mwenziwe. Chukudu ya kawaida huchukua kilo 400 na zaidi. Watu wengi husema kwamba jina lake laiga sauti ya magurudumu juu ya mawe, na mtu aliyelala karibu na barabara asubuhi ya soko hawezi kubisha.

Mwanzo wake husimuliwa kuwa katika miaka ya 1970. Siku zile nchi yetu iliitwa Zaire. Mwezi wa Novemba 1973 serikali ya Rais Mobutu ilitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatwaliwe na wenyeji. Baada ya hapo biashara nyingi zilianguka, petroli na vipuri vya magari vikawa adimu, na barabara zikaachwa bila matengenezo. Mkulima alikuwa na mazao, lakini hakuwa na lori. Ndipo watu wa milima hii wakafanya kwa mti kile ambacho hawakuweza kununua kwa chuma.

Wanafunzi wafahamu neno moja. Mwaka 1817, huko Mannheim katika nchi ya Ujerumani, mtu aliyeitwa Karl von Drais alitokea barabarani na chombo cha mti chenye magurudumu mawili, lile la mbele likiweza kugeuzwa kwa mkono, naye akakisukuma kwa miguu yake. Huyo ndiye babu wa baiskeli zote. Basi mtu asiicheke chukudu kana kwamba ni kitu cha ushamba. Chombo cha Drais kilimchukua mtu mmoja kwenye matembezi. Chukudu yachukua chakula cha mji mzima. Pale Goma, katika njia panda kubwa, imesimamishwa sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake. Kwa desturi sanamu za namna hiyo husimamishwa kwa majemadari na wafalme. Hii ni ya mchukuzi.

Mti na subira

Fundi ahitaji miti ya namna mbili. Ubao mkuu hutoka katika mkaratusi, ule tulioupanda wenyewe vilimani, maana hukua upesi, nao ni mrefu na wenye nguvu. Magurudumu hutaka mti mgumu zaidi, na mafundi wengi hutumia ule uitwao mumba. Vyombo vya kazi ni vile vya seremala yeyote asiye na mali: shoka, panga, msumeno, tezo, patasi, na randa ikipatikana. Kazi yenyewe huchukua siku 1 hadi 3.

Hapo ndipo jaribu la kwanza limkutapo fundi. Mikono yaweza kumaliza kwa siku 3. Mti hauwezi kukauka kwa siku 3. Mti uliokatwa leo umejaa maji. Maji yale yakitoka, mti hunywea, wala haunywei sawasawa pande zote. Kwa urefu wake hupungua kidogo sana, hata haionekani. Toka kiini kwenda kwenye ganda hupungua kiasi. Lakini ukifuata zile duara za ukuaji wake, kuzunguka shina, hupungua zaidi, pengine mara mbili ya hapo. Kwa hiyo kipande cha duara kilichokatwa katika gogo kama mtu akatavyo kipande cha muhogo kitapasuka toka ukingoni hata kiini. Hakuna kamba wala misumari iwezayo kuzuia jambo hilo, maana nguvu yenyewe imo ndani ya mti.

Fundi ajuaye kazi hakati gurudumu hivyo. Kwanza hulipasua gogo kuwa mbao nene, akakiacha kiini nje, kisha huchora duara yake juu ya ubao. Akiwa na mbao nyembamba tu, huweka mbili pamoja, nyuzi za ubao mmoja zikikata nyuzi za wa pili mfano wa msalaba, akazifunga kwa boloti. Hivyo ufa ukianza upande mmoja, upande wa pili wauzuia. Mtu asiyejua akiyatazama magurudumu haya mawili siku ya kuuzwa, lile lililokatwa gogoni na hili lililotoka ubaoni, ataona yanafanana. Baada ya jua la miezi miwili hayafanani tena.

Na juu ya kukausha, mkaratusi ni mti mkorofi kuliko mingi. Ukiachwa juani hupasuka na kujipinda. Yafaa mbao zipangwe kivulini, mahali upepo upitapo, zisiguse ardhi, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti ili hewa ipite. Ncha zake zipakwe nta au rangi iliyobaki, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi kwa kupitia nchani, na nyufa huanzia huko. Maseremala wa Ulaya walikuwa na kanuni ya kale: mwaka 1 wa kungoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene. Nani kwetu awezaye kungoja hivyo, na watoto wataka kula? Hatumwambii fundi angoje miaka. Twamwambia awe na akiba ya mbao kivulini, na kila akatapo mti mpya auweke nyuma ya ile ya zamani. Miezi mitatu ni bora kuliko siku tatu. Fundi mwenye mbao kumi zinazokauka ana mali kama mtu mwenye mbuzi kumi, ijapokuwa jirani haioni.

Ngozi ya gurudumu

Gurudumu la mti mtupu halidumu juu ya mawe. Basi fundi hutwaa mpira wa gari uliochakaa, hukata ukanda wake, akaliviringisha gurudumu na kuupigilia misumari. Kazi hii yaonekana nyepesi, nayo ina siri zake. Msumari wenye ncha kali huzitenga nyuzi za mti na kuupasua. Fundi mzee huigonga ncha ya msumari kwanza ili iwe butu, nao hukata nyuzi badala ya kuzitenga. Tena hapigilii misumari yote katika mstari mmoja, bali huipanga huku na huku, maana misumari iliyofuatana juu ya uzi mmoja wa mti ni kama shoka. Navyo vichwa vya misumari huvizamisha ndani ya mpira ili mawe yasivikate.

Katikati ya gurudumu kuna tundu la mhimili. Zamani mti ulisuguana na mti, na mwenyewe alitia mafuta kila mara. Siku hizi mafundi wengi hutia beringi zilizotolewa katika magari mabovu, ile duara ya chuma yenye golori ndani. Chukudu yenye beringi nzuri huenda kwa wepesi, mwenyewe hachoki upesi. Lakini beringi iliyotiwa katika tundu lililopanuka kupita kiasi hucheza, na ikicheza hula mti kidogo kidogo. Fundi asiye mwaminifu huujaza ule mwanya kwa kitambaa na udongo, akapaka mafuta juu. Siku ya kuuza, gurudumu lazunguka kimya. Siku ya ishirini laanza kuyumba.

Mbali sana nasi, katika visiwa vya Hawaii, watu tangu kale huchonga mbao ndefu za kusimama juu yake na kuteleza juu ya mawimbi ya bahari. Wazee wao walitumia miti kama koa na wiliwili. Katika miaka ya 1950, mafundi wa pwani ya Kalifornia huko Marekani walianza kuuacha mti mwepesi wa balsa na kutumia povu gumu la kiwandani. Na hata leo wako wengi wanaofanya kazi hiyo nyumbani, katika chumba cha kuwekea gari. Wakiisha kulichonga povu, hulivisha kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, kisha hukilowesha kwa utomvu wa kiwandani ambao hukauka na kuwa mgumu. Hufunika pua zao wakati wa kazi, maana vumbi na mvuke wake wadhuru mapafu. Povu peke yake lavunjika kwa urahisi. Ngozi ile ya kioo ndiyo iupayo ubao nguvu. Lakini ngozi ikiwa na tundu, hata dogo, maji huingia ndani, ubao huwa mzito, na ngozi huanza kubanduka. Fundi mvivu aweza kuifunika kasoro kwa rangi nzuri, bahari huifunua.

Twawataja watu hao, ijapokuwa wengi wetu hatutayaona mawimbi yao, kwa sababu shida yao na yetu ni moja. Wao hupanda mawimbi, sisi twashuka milima. Nao pia husimama juu ya ubao uliochongwa nyuma ya nyumba, bila kiwanda wala mkaguzi wa serikali. Katika kazi ya namna hii, sehemu ishikayo uhai wa mtu ni ile iliyofunikwa. Chini ya ngozi ya kioo au chini ya ukanda wa mpira, mnunuzi haoni kitu. Aliyeona ni mmoja tu, naye ni fundi, siku ile alipofunika.

Mteremko hauna huruma

Watu wa mahali penye tambarare waweza kuona kwamba twaongeza chumvi. Na waje waitazame Kabasha, ule mteremko utokao Kanyabayonga na kushuka mpaka uwanda wa Rwindi. Na waitazame milima ya Luofu yenyewe, ambako shamba la maharagwe husimama kama ukuta.

Kilo 400 zikishuka, haziombi ruhusa. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kuusimamisha huzidi mara nne. Jambo hili wanafunzi hulijifunza shuleni kwa hesabu, na wenye chukudu hulijifunza kwa magoti yao. Chukudu nyingi zina breki ya kipande cha mpira kikandamizwacho kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Mpira ule hushika moto kwa msuguano, na penye matope huteleza. Kwa hiyo mtu mwenye akili hupunguza mwendo kileleni, kabla mzigo haujashika kasi. Asiye na akili hungoja aone kona.

Lakini hata mwenye akili hana la kufanya kama gurudumu la mbele limepasuka katikati. Usukani hukataa, ubao hugeuka ubavu, na magunia yaliyo nyuma yake huendelea na safari. Aliyekuwa anasukumwa na viazi sasa yuko chini ya viazi. Nyumbani kwake mama anahesabu saa, na mtoto wa sekondari angoja ada ya shule itakayotoka katika mzigo ule. Kosa lililofanywa na tezo nyuma ya jiko latua juu ya watu wa nyumba nyingine, watu ambao fundi hajapata kuwaona.

Bei na dhamiri

Tuseme baba wa jamaa aja kwa fundi.

— Hodi, Fundi.

— Karibu, Baba. Habari za nyumbani?

— Za nyumbani ni njema. Fundi, nataka chukudu kabla ya siku ya soko.

— Soko la lini, Baba?

— La juma hili. Viazi vimekwisha kung'olewa. Vikikaa vitaoza.

— Baba, mti nilio nao ni mbichi. Magurudumu makavu ninayo mawili tu, nayo yana mwenyewe. Amekwisha kunilipa nusu.

— Nipe hayo hayo, nami nitakuongezea. Mwenzangu mtengenezee ya mti mbichi. Atajuaje?

Huyu baba si mtu mwovu. Ana viazi, ana watoto, na mvua yaja. Naye fundi si tajiri wa kukataa fedha. Katika miaka ya karibu na 2010 chukudu ilinunuliwa kwa dola 50 hadi 100, na katika fedha hizo fundi hutoa bei ya mti, ya beringi, ya mpira na ya misumari. Kinachobaki ni kidogo. Ndiyo maana swali hili ni gumu, nasi hatutaki kulijibu kwa maneno mepesi.

Fundi ana njia tatu. Ya kwanza ni kumpa huyu magurudumu ya mwingine, na yule mwingine kumpa mti mbichi. Hapo ameiba mara mbili, wala hakuna atakayemshitaki. Njia ya pili ni kumchongea baba huyu chukudu ya mti mbichi, akakaa kimya. Wengi hufanya hivyo, wakajisemea kwamba mnunuzi ndiye aliyekuwa na haraka. Lakini mnunuzi hajui mti. Alikuja kwa fundi kwa sababu hajui. Anayenunua gunia la maharagwe aweza kutia mkono ndani na kuzitazama punje. Anayenunua gurudumu hawezi kuona kiini chake. Hununua neno la fundi.

Njia ya tatu ni kusema kweli yote, kisha kusaidia. «Baba, chukudu yako itakuwa tayari mti ukikauka. Kwa soko hili, twende kwa jirani yangu. Ana chukudu nzuri, atakukodisha kwa siku moja. Nami nitakwenda nawe kumwomba.» Fundi huyo amepoteza nini? Amekosa fedha za haraka juma moja. Amepata nini? Baba yule atasimulia habari hii Kayna, na Kirumba, na mahali pote atakapouza viazi vyake. Mafundi wa kijiji hawana matangazo wala karatasi za dhamana. Dhamana yao ni vinywa vya watu.

Kanisa lina mlinzi wa watu wa namna hii. Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili aliweka siku ya tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yosefu alikuwa seremala, naye pia alikuwa na wanunuzi wenye haraka. Tusidhani kwamba utakatifu wake ulikuwa katika sala tu, na kwamba milango na nira alizotengeneza hazikuhusika.

Mambo ya kutazama kabla ya kulipa

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Asimlaumu fundi kwa kila jambo ikiwa mwenyewe hakutumia macho yake. Kabla ya kutoa fedha, na atazame haya.

Kwanza, uinue upande mmoja wa chukudu, ulizungushe gurudumu, ukaweka kidole karibu na ukingo wake. Ukingo ukikigusa kidole mara na kukiacha mara, gurudumu si duara kamili au tundu lake si la katikati. Pili, lishike gurudumu kwa mikono miwili ulitikise upande kwa upande. Likicheza leo, kesho litatoka. Tatu, tazama uso wa gurudumu. Ukiona duara za mti zimezunguka kiini katikati, kama zionekanavyo katika kisiki, limekatwa gogoni, usilinunue. Ukiona mistari imepita toka upande huu hata upande huu, limetoka ubaoni. Nne, ligonge kwa jiwe dogo. Mti mkavu hulia kwa sauti kali. Mti mbichi, au wenye ufa ndani, hulia kwa sauti nzito iliyokufa. Tano, panda juu yake ukajaribu breki mahali salama, bila mzigo, kabla ya kuijaribu mlimani.

Na baada ya kununua, usiilaze chukudu kwenye matope usiku kucha. Mti unywao maji usiku na kuchomwa na jua mchana huvimba na kunywea kila siku, na hakuna mti uwezao kuvumilia hayo muda mrefu. Chukudu hudumu miaka 2 hadi 3. Ile isiyotunzwa haifiki hapo. Ukanda wa mpira ukilegea, upigiliwe siku ile ile. Beringi isafishwe matope kabla ya kutiwa mafuta, maana mafuta juu ya mchanga ni kama kusaga unga.

Neno kwa wazazi na vijana

Watoto wetu hujitengenezea chukudu ndogo, wakateremka nazo vilimani kwa vicheko. Tusiwakemee bure. Mtoto aliyechonga gurudumu lake mwenyewe, likapasuka, akachonga la pili, amejifunza jambo kubwa juu ya mti. Twawaombea tu mahali pasipo magari.

Lakini mvulana wa miaka 12 kupewa magunia ya watu wazima ni jambo jingine. Mifupa yake haijakomaa, goti alitumialo kila siku litamdai baadaye, na fedha ya kwanza mfukoni humfanya aone shule kuwa upotevu wa siku. Mzazi asiseme: «Ataacha shule mwaka mmoja tu.» Mwaka huo mara nyingi hauna mwisho. Kijana apendaye kazi ya mti aweza kumsaidia fundi siku za mapumziko, akajifunza kupima, kuchora duara, kuuchagua mti. Na hesabu ya darasani itamfanya kuwa fundi bora kuliko mwalimu wake.

Tena yupo anayesema kwamba kazi hii itakwisha, kwa kuwa tangu miaka ya 2000 pikipiki zimeenea katika miji na vijiji vyetu. Ni kweli kwamba zimetwaa sehemu ya kazi. Lakini pikipiki hula petroli kila siku, na mkulima wa viazi hana fedha kila siku. Na hata chukudu ikipungua, ujuzi wa kuchagua mti, kuukausha na kuuunganisha haupungui. Huo ndio ufanyao milango, vitanda, madawati na paa za nyumba.

Juu ya miti yenyewe, tukumbuke kwamba atakaye kuchonga lazima apande. Mbuga ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925, si ghala ya mbao zetu. Kukata miti humo kumekatazwa, na waliokata waliwaacha wajukuu wao bila msitu. Kila jamaa yenye kilima na ipande mikaratusi yake, lakini isiipande karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Fundi akikata mmoja, na apande mitatu. Atakayeikuta mikubwa huenda ni mwanawe.

Hatuwezi kuandika habari za Luofu na kunyamaza juu ya mateso yake. Mwezi wa Aprili 2009 kijiji hiki kilishambuliwa usiku. Nyumba nyingi zilichomwa, na watoto wakafa motoni. Mwezi wa Juni 2024 vita ilipofika Kanyabayonga, Kayna na Kirumba, maelfu ya watu walikimbia kuelekea kaskazini. Katika njia za namna hiyo chukudu haibebi viazi. Hubeba godoro, sufuria, bibi asiyeweza kutembea, mgonjwa aliyefunikwa blanketi, na juu ya yote kuku mmoja aliyefungwa miguu. Aliyeichonga hakujua itabeba nini. Alipokuwa akipigilia ukanda wa mpira nyuma ya jiko, miaka miwili kabla, alidhani ni kazi ya soko. Kama siku ile alichagua ubao mkavu ijapokuwa hakuna aliyemtazama, basi bibi yule alifika.

Kwa hiyo ninyi mafundi wa Luofu, na wa milima yote ya Lubero, fanyeni kazi yenu vema pale pasipoonekana. Nanyi mnunuao, lipeni bei ya haki, wala msimharakishe mtu anayengoja mti ukauke.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya kuhifadhi mbegu za viazi.